Intaneti ya nyumbani kwako ni ya aina gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wakazi wa Dar es Salaam

Intaneti yangu inafanya kazi. Kuna haja gani ya kujua ni ya aina gani?

Haja huja siku inapogoma. Faiba, yaani intaneti ya waya wa uzi wa kioo, hugoma kwa waya kukunjwa au kukatwa. Ruta ya laini, ile inayotumia laini ya simu, hugoma kwa mnara kuelemewa au kifurushi kuisha. Antena ya paani hugoma kwa sababu mwembe wa jirani umerefuka. Ukipiga huduma kwa wateja bila kujua uko upande gani, utaambiwa uzime na kuwasha, kisha utamsubiri fundi siku mbili aje kukwambia jambo ambalo taa ya kisanduku ilikuwa ikilisema tangu asubuhi.

Kuna na suala la pesa. Wapo wanaolipia "faiba" ambayo ukiifuata inaishia kwenye antena juu ya bati, na wapo wanaonunua ruta nzuri Kariakoo kisha wanagundua nyumbani kwamba haina tundu linalopokea waya wao.

Nianzie wapi?

Ukutani, si kwenye simu. Jina la kampuni halitoshi, kwani kampuni moja inaweza kumuuzia mteja wa Mikocheni faiba, wa Mbagala ruta ya laini na wa Goba antena. Jina la Wi-Fi ndiyo usilitegemee kabisa; mtu yeyote huliandika atakavyo.

Nenda kwenye kisanduku kinachotoa Wi-Fi, weka kando waya wa umeme wenye adapta, halafu uangalie waya mwingine ulioingia. Ukiwa mwembamba na una kichwa cha plastiki cha mraba, mara nyingi cha kijani, hiyo ni faiba. Ukiwa na kichwa kidogo cha uwazi kama cha simu ya mezani, upana wake chini ya milimita 10, hiyo ni laini ya shaba. Kusipokuwa na waya wowote zaidi ya ule wa umeme, kuna laini ya simu ndani.

Kinachowapoteza wengi ni waya wa mtandao wa kawaida, ule wa kichwa cha pini nane chenye upana wa milimita 12 hivi, ukiwa umechomekwa kwenye tundu lililoandikwa WAN. Huo haukwambii kitu bado. Unaweza kuwa umetoka kwenye kisanduku kingine cha faiba nyuma ya kabati la televisheni, kwenye antena ya paani, au kwenye swichi ya jengo zima iliyo chini ya ngazi. Ufuate mpaka mwisho wake.

Nimefuata waya umepotelea ndani ya ukuta. Sasa?

Geuza kisanduku usome stika ya chini. Ukiona "GPON SN" au "PON SN" ikifuatiwa na herufi nne na tarakimu nyingine nane, ni kifaa cha faiba. Herufi hizo nne humtaja mtengenezaji: HWTC ni Huawei, ZTEG ni ZTE, FHTT ni FiberHome, ALCL ni Nokia. Ukiona IMEI, namba ya tarakimu 15 kama ile ya simu yako, kisanduku kinatumia laini ya simu. Maneno ADSL au VDSL yanamaanisha shaba. Stika yenye MAC na nenosiri la Wi-Fi tu, bila hayo mengine, ni ya ruta ya kawaida, na kifaa kinacholeta intaneti chenyewe kiko mahali pengine. Endelea kutafuta.

Piga picha stika hiyo leo na uihifadhi. Siku ya matatizo utaitafuta gizani na tochi mdomoni.

Waya wa faiba unaonekanaje hasa?

Kutoka kwenye nguzo huja waya mweusi bapa, mwembamba kuliko wa umeme, wenye uzi wa chuma pembeni unaobeba uzito wake. Ukifika ukutani huingia kwenye kiboksi kidogo cheupe, na kutoka hapo hutoka waya laini mweupe au wa njano unaokwenda kwenye kisanduku chako. Ndani yake kuna uzi wa kioo wenye kipenyo cha maikromita 125, yaani sehemu moja ya nane ya milimita.

Kichwa cha kijani na cha bluu havichanganywi. Ncha ya kijani imekatwa kwa mshazari na ya bluu imekatwa bapa. Ukichomeka moja kwenye tundu la nyingine, mwanga hupotea njiani hata kama kichwa kimeingia vizuri. Usikunje waya huo kwa pembe kali, usiubane na mlango, wala usiupigilie misumari ya umeme. Na usichungulie ncha yake: mwanga uliomo hauonekani kwa macho, ila ni leza.

Taa za kisanduku cha faiba zinasema nini?

Mbili ndizo za kuangalia. PON ikitulia kijani, kifaa kimesajiliwa na mtambo wa kampuni. Ikipepesa bila kukoma, mwanga unafika lakini usajili haukamiliki, na hapo mara nyingi tatizo ni la mfumo wa kampuni au kifaa kimebadilishwa bila namba yake kuandikishwa. LOS inapaswa kuwa imezimika. Ikiwaka au kupepesa nyekundu, mwanga haufiki: waya umechomoka, umekunjika au umekatwa, pengine na lori lililopita chini ya nguzo au kijiko kilichokuwa kikichimba mtaro wa barabara.

Kwa LOS nyekundu, kuzima na kuwasha ni kupoteza muda. Sukuma kichwa cha kijani mpaka kilie "tik", angalia kama samani haijaukalia waya, kisha piga simu useme "LOS nyekundu". Maneno hayo mawili yanamwambia mhudumu kwamba anatakiwa kutuma fundi wa waya.

Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa kifaa, tafuta mstari wa nguvu ya mwanga unaopokelewa, ulioandikwa "Rx Optical Power". Hupimwa kwa dBm na namba yake ni hasi. Vifaa vingi vya nyumbani hukubali kati ya −8 na −27. Ikisoma −20, uko salama. Ikifika −26, intaneti inaweza kufanya kazi leo na kukatika kesho mvua ikiloweka kiungio cha nguzoni. Ikiwa ilikuwa −19 mwezi uliopita na sasa ni −25, kuna mkunjo au kiungio kinachochoka, na fundi akija mwoneshe namba zote mbili.

Wi-Fi yangu inaitwa "Nyumbani_5G". Kwa hiyo nina 5G?

Hapana, jina hilo halithibitishi chochote. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi mbili: moja kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na nyingine kwenye gigahezi 5, na viwanda hupenda kuongeza "5G" kwenye jina la hiyo ya pili. 5G ya simu ni kizazi cha tano cha mtandao wa minara, ile ambayo Vodacom iliiwasha hapa nchini mwaka 2022. Kisanduku cha faiba, hata cha waya wa shaba, kinaweza kutangaza Wi-Fi yenye "5G" kwenye jina. Wauzaji wachache hufaidika na mkanganyiko huu, kwa hiyo muulize: kuna mahali pa kuweka laini? Kama hapana, 5G hiyo ni ya Wi-Fi tu.

Kwa matumizi ya ndani, gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini huchoka haraka ikikutana na kuta za tofali. Chumba cha mwisho mara nyingi kitafurahia 2.4.

Nina ruta ya laini. Nitajuaje ni 4G au 5G kweli?

Fungua ukurasa wa ruta au programu yake ya simu utafute hali ya mtandao. Ukiona LTE na alama kama B3 au B20, uko kwenye 4G. Ukiona NR au alama yenye "n" ndogo kama n78, umeshika 5G. Kuna hali ya katikati ambapo ruta hushika 4G na 5G kwa pamoja, na 5G ikidhoofika inabaki na 4G bila kukuarifu. Ndiyo maana ruta ileile inaweza kuwa chapuchapu saa 12 asubuhi na kukokota usiku.

Tazama pia namba mbili. RSRP ni nguvu ya mawimbi: karibu na −80 ni nzuri, −100 inavumilika, chini ya −110 ni taabu. SINR ni usafi wake: juu ya 20 ni safi sana, ikikaribia 0 kuna kelele nyingi. Nguvu nzuri na usafi mbaya maana yake minara mingi inakupigia kwa pamoja, jambo la kawaida Kariakoo na Upanga kwenye maghorofa. Kuongeza antena hapo hakusaidii sana kuliko kuhamisha ruta dirisha la upande mwingine. Zunguka nayo nyumba nzima, dirisha kwa dirisha, ukisubiri dakika moja kila mahali kabla ya kusoma. Kuiweka chini ya televisheni au nyuma ya friji ni kuifunga kamba.

Malipo nayo yanasaidia kutambua, ila kwa tahadhari. Anayenunua GB karibu kila mara yuko kwenye laini. Anayelipa kwa mwezi kulingana na Mbps anaweza kuwa kwenye faiba, antena, au ruta ya 5G ya kifurushi cha kasi.

Juu ya paa kuna kitu cheupe kama kisahani. Ni setilaiti?

Angalia kinaelekea wapi na waya wake ni upi. Dishi la kingamuzi cha televisheni huelekea angani na kebo yake ni ya duara, yenye sindano moja katikati, halileti intaneti. Antena ya intaneti ya redio huelekea usawa wa upeo, kwenye mnara au ghorofa fulani, na waya wake ni wa mtandao, mweusi, wa pini nane. Ukishuka nao utakuta kijisanduku cha umeme chenye matundu mawili, POE na LAN. POE hupanda paani, LAN huenda kwenye ruta.

Matundu hayo yasibadilishwe kamwe. POE hubeba umeme, mara nyingi volti 24, na kwenye vifaa vingi umeme huo hupita moja kwa moja kwenye nyaya namba 4 na 5, 7 na 8, bila kuuliza kifaa kilicho upande wa pili kama kinauhitaji. Kompyuta au ruta ikichomekwa hapo inaweza kuungua tundu lake. Kosa hili hutokea sana baada ya usafi wa nyumba au kupaka rangi.

Antena hizi nyingi hutumia gigahezi 5 na hutaka kuona upande wa pili bila kizuizi. Kuona kwa macho hakutoshi: kwa umbali wa kilomita 3, katikati ya njia kunahitajika uwazi wa karibu mita 6 kuzunguka mstari wa kuonana. Ndiyo maana intaneti iliyofungwa vizuri Mbezi au Madale hudhoofika polepole mwembe ukiongezeka, au ghafla jirani akimwaga zege la ghorofa ya tatu. Mvua yenyewe haidhuru sana masafa haya. Ikikatika kila masika, shuku maji yaliyoingia kwenye kichwa cha waya kule juu, au nguzo iliyolegea ikazungushwa na upepo. Kwa nyumba za karibu na bahari, Kigamboni, Masaki au Kunduchi, chumvi hula pini. Vichwa hivyo vifungwe vizuri na vikaguliwe kila mwaka.

Je, intaneti ya setilaiti nayo huonekanaje?

Ya kizamani ni dishi kubwa, mita 1 au zaidi, lenye kifaa kizito mbele na kebo mbili za duara, moja ya kutuma na moja ya kupokea. Setilaiti yake iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 480 hata ufanyeje. Simu za video huwa na ukimya wa ajabu baada ya kila sentensi. Mijini utaikuta kwenye ofisi chache na mabenki, si majumbani.

Nina waya wa simu ya mezani. Bado unatumika?

Upo kwenye baadhi ya nyumba za zamani zenye namba ya 022 ya TTCL. Modemu ina taa ya DSL, na kabla yake huwa kuna kijigawanyi kinachotenganisha simu na intaneti. Aina ya ADSL2+ hufikia Mbps 24 kwenye karatasi, lakini kasi hushuka kadiri nyumba ilivyo mbali na kituo cha simu, na ya kupakia ni kama Mbps 1. Inua simu usikilize: mlio ukiwa na mikwaruzo, intaneti nayo itakatikakatika, na chanzo ni kiungio chenye unyevu. Kama faiba imefika mtaani kwako, hama.

Nimepanga chumba, Wi-Fi naingia kwa vocha. Hiyo ni aina gani?

Vocha ni njia ya kulipia, si aina ya intaneti. Nyuma yake kuna mtu mwenye faiba, antena au ruta ya laini anayeigawa. Kidokezo kimoja: ukiwa umeunganishwa, fungua tovuti yoyote ya kuonesha anwani yako ya IP, itakutajia kampuni inayomiliki anwani hiyo. Utajua chanzo kinatoka kampuni gani, ingawa si kwa waya gani. Kasi ikidorora kuanzia saa 2 hadi saa 4 usiku pekee, wateja wa chanzo hicho ni wengi kuliko kinachogawanywa.

Naingiaje kwenye ukurasa wa ruta?

Kwenye simu, fungua maelezo ya Wi-Fi uliyounganishwa utafute mstari wa "Gateway"; kwenye iPhone umeandikwa "Router". Kwenye Windows, fungua cmd, andika ipconfig. Namba utakayoiona iandike kwenye kivinjari. Visanduku vya faiba vya Huawei mara nyingi hutumia 192.168.100.1, na ruta zake za laini 192.168.8.1; vingine 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Nenosiri la kuingilia liko kwenye stika, na si lazima liwe lile la Wi-Fi.

Ukifika, tazama sehemu ya WAN, yaani upande unaotoka kwenye kampuni. Anwani yake ikianza na 100 na namba ya pili ikiwa kati ya 64 na 127, au ikianza na 10, uko nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi. Hutaweza kuangalia kamera zako ukiwa nje kwa kufungua "port" kwenye mipangilio ya ruta, hata uelekezwe na video ngapi. Tumia kamera zenye programu ya wingu, au omba kampuni anwani ya umma, ambayo kwa kawaida hulipiwa. Usibonyeze chochote usichokielewa, hasa kitufe cha kurudisha mipangilio ya kiwandani: kisanduku cha faiba kinaweza kupoteza jina na nenosiri la kuunganishia, na hapo utamhitaji fundi.

Kipimo cha kasi kinaweza kunitambulishia aina?

Kinatoa fununu. Pima kwa waya, si Wi-Fi, mara tatu: asubuhi, mchana na usiku. Kupakua na kupakia kukikaribiana na kutobadilika, huenda ni faiba. Kasi ikipanda na kushuka kama bahari ya Coco, huenda ni laini. Kasi ikikwama 93 au 94 wakati umelipia 200, usilaumu kampuni kwanza: waya wako wa ndani una jozi iliyokatika, au tundu la ruta ni la Mbps 100. Na kumbuka Mbps 8 ni megabaiti 1 kwa sekunde. Faili linaloshuka kwa megabaiti 5 kwa sekunde linatumia Mbps 40.

Umeme ukikatika, ipi hubaki hai?

Faiba ya kawaida ya majumbani haina kifaa cha umeme njiani, kati ya mtambo wa kampuni na wewe, kwa hiyo ukilisha kisanduku chako unaendelea. Soma adapta: nyingi ni volti 12. UPS ndogo (betri ya akiba) inayotangazwa kuwa na mAh 8,800 huhesabiwa kwa volti 3.7 za betri, si 12, yaani kama wati-saa 32. Kisanduku cha wati 8 kitadumu saa 3 hivi, kwani sehemu ya umeme hupotea njiani. Antena ya paani inahitaji UPS yenye tundu la volti zake, na mwisho wa pili nao uwe na betri. Ruta ya laini inategemea akiba ya mnara.

Intaneti imekwama mji mzima. Ina maana wote tuna faiba moja?

Hapo tatizo linaweza kuwa mkongo wa baharini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika, na wa faiba na wa laini wakaumia pamoja, kwa sababu wote hutegemea mikongo hiyohiyo kwenda nje. Dalili yake: taa zote ni sawa, ukurasa wa ruta unafunguka, baadhi ya huduma za ndani zinafanya kazi, za nje hazifunguki. Usiguse waya wako.

Nahama kutoka Sinza kwenda Kinyerezi. Naweza kuhama na vifaa?

Ruta ya laini, ndiyo, ila uliza kama kifurushi chako hakijafungiwa eneo. Kisanduku cha faiba kimesajiliwa kwenye laini ya nyumba ile. Kukichomeka kwenye faiba ya kampuni nyingine hakutafanya kazi, na mara nyingi ni mali ya kampuni, kwa hiyo kirudishe upewe risiti. Antena hushushwa na fundi, lakini kabla ya kulipa gharama ya kuhama mtake apande kwenye paa jipya ahakikishe anauona mnara.